Pua ya Nyumba

Tumasi alipiga magoti mbele ya bomba laini la hewa ambalo bibi yangu alilishona, akalipapasa kwa kiganja, akasema, "Aliyefunga bomba hili ni fundi kwelikweli. Hata tone la maji halipiti."

Mimi nilikuwa nimemshikia tochi. Mwanga ukaruka ukutani.

"Umechoka?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimechoka. Nilijua kilichokuwa ndani ya bomba lile, na yeye alikuwa amelishika bila kujua.

Tulikuwa kwenye kichumba cha mitambo, ambamo hita inanguruma na mashine ya hewa imetundikwa ukutani. Mashine hiyo kazi yake ni kuvuta hewa ya nje kupitia bomba, kuipasha moto kidogo, na kuisambaza vyumbani, huku ikitoa nje hewa iliyochoka. Ilikuwa inavuma kama kawaida. Mtu akisikia mvumo ule anaamini nyumba inapumua.

Lakini vuli iliyopita, theluji ya kwanza ilipoanguka, Bibi Arnaitok aliingia mle na kisu chake cha duara na sindano. Alipasua gamba la bomba, akasukumiza ndani glavu mbili za marehemu babu, zile kubwa za ngozi ya sili, kisha akalifunga kwa mshono wa viatu vya maji. Katika mshono huo sindano haitokezi upande wa pili wa ngozi, na ukishamalizika huwezi kuuona usipojua pa kutazama. Nilikuwa nimekaa pale pale juu ya ndoo, namnyonyesha Akumalik.

"Pua ya nyumba hii ni pana mno," Bibi alisema siku ile. "Inampulizia mume wangu baridi kifuani."

Mume wake ni Akumalik, mwanangu. Alizaliwa muda mfupi baada ya babu kufariki, tukampa jina la babu, na kwetu mwenye jina ndiye mtu. Kwa hiyo Bibi anamwita mume wangu, Mjomba Lasalusi anamwita baba, na mimi niliyemzaa namwita babu. Akilia kwa kutaka kitu, anapewa. Hakuna anayemkaripia. Nani atamkaripia babu yake?

Tangu vuli hiyo alianza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani, kikawa kinaondoka na kurudi, na kila kikirudi kinakuwa kizito zaidi. Kabla ya Tumasi kuja, nesi wa zahanati alinikalisha chini akaniambia daktari wa kusini ameamua. Ndege ijayo itamchukua Akumalik. Atalazwa huko, na akipata nafuu atakaa kwa watu wengine mpaka majira ya baridi yaishe, kwa sababu haina maana kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye nyumba ile ile. Mimi ningeruhusiwa kumsindikiza tu, kisha nirudi.

"Isipokuwa," nesi alisema, "mtu wa nyumba aje apime hewa yenu, na aseme ni nzuri. Hapo nitaongea na daktari."

Mtu wa nyumba ndiye Tumasi. Ni Mwinuiti kama sisi, ila kwao ni ng'ambo ya mlango wa bahari, na alisomea kazi yake mjini. Alishuka kwenye ndege mchana, akaja moja kwa moja kwetu na mkoba wake wa vipimo, na kabla hajafungua mkoba dhoruba ikafunga mji. Upepo ulikuja na theluji ikaenda mlalo. Nyumba ya jirani, ambayo ukirusha jiwe unaipiga, ikapotea. Redio ya mji ikatangaza mtu yeyote asitoke. Kwa hiyo Tumasi akabaki kwetu, mtu wa tisa katika nyumba yenye vyumba vitatu.

Tuliporudi sebuleni, watu wote walikuwa wamejaa. Mjomba Lasalusi amelala sakafuni na soksi zake, Maata mke wake anakaanga mkate, watoto wao watatu wanagombania blanketi, na Bibi yuko kwenye kochi, amemfunga Akumalik mgongoni ndani ya koti. Vioo vya madirisha vilikuwa vimeota barafu kwa ndani, nene kama kidole. Maji yalikuwa yanatiririka ukutani. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya kukaangia, ya ngozi mbichi, na ya watu.

"Haya, fundi," Mjomba akasema. "Umeona nini huko? Umeziona glavu za baba yangu?"

Tumasi akacheka. "Glavu gani?"

"Glavu zake za sili! Zilining'inia pale mlangoni. Vuli zikayeyuka. Nilitangaza hadi redioni, mwizi azirudishe bila kuulizwa. Hakuna aliyerudisha. Mji huu umeharibika."

Bibi alikuwa anamtikisatikisa mtoto mgongoni. Mimi nikaenda kusimama karibu na jiko, ingawa hakuna aliyekuwa amenitazama.

Tumasi alitoa mkobani kipimo kidogo cheupe chenye namba, akakiweka juu ya televisheni. "Hiki kinanusa hewa tunayoitoa puani," akawaeleza watoto. "Nje ya nyumba kitasoma kama mia nne. Ndani ya nyumba nzuri, elfu moja au chini."

Kilikuwa kinasoma zaidi ya elfu tatu.

"Kimeharibika," Mjomba akasema.

"Hakijaharibika, mjomba. Leo tuko wengi, na mlango haufunguki. Lakini namba hii ni kubwa mno."

"Si ndiyo wewe umeongezeka? Toka nje, itashuka."

Watoto wakaangua kicheko. Tumasi akacheka pia, kisha akatoa futi ya kamba na kuwapa kazi. Mmoja ashike mwanzo, mwingine akimbie hadi ukutani. Wakapima nyumba nzima, urefu, upana, na kutoka sakafuni hadi darini. Halafu akachukua kitu kama kofia kubwa ya kitambaa, akawa anaifunika kwenye matundu ya hewa darini, tundu moja baada ya jingine, na kusoma hewa inayotoka. Mimi nilimfuata na kadibodi niliyoikata kwenye boksi la biskuti, nikiandika alichosema. Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa kimya.

Alipomaliza alikaa mezani, akanivutia kiti.

"Umesoma hadi darasa la ngapi, Aluki?"

"Sikumaliza la tano."

"Kuzidisha unajua?"

"Kidogo."

"Basi njoo, tufanye wote. Urefu wa nyumba ni mita kumi, upana saba. Ni ngapi?"

"Sabini."

"Kwenda juu ni mita mbili na sehemu nne za kumi. Hapo utapata mia moja sitini na nane. Hiyo ndiyo hewa yote iliyomo humu. Fikiria ni masanduku. Masanduku mia moja sitini na nane, kila moja mita kwa mita kwa mita, yamepangwa mpaka darini."

Nikatazama sebule. Nikayaona masanduku, na sisi tumekaa ndani yake.

"Sasa matundu yote pamoja, kwa saa moja, yanaingiza masanduku kumi na saba tu. Nyumba inahitaji saa ngapi kubadilisha yote?"

Sikuwahi kuelewa kugawanya vizuri. Niliacha shule mama alipougua. Nikaanza kujumlisha kimoyomoyo, kumi na saba, thelathini na nne, hamsini na moja, kila saa nikikunja kidole. Vidole vikakaribia kuisha.

"Saa kumi," nikasema. "Inapungua kidogo."

"Saa kumi. Kwa hiyo kwa saa moja nyumba inabadilisha sehemu moja tu ya kumi ya hewa yake. Nyumba ya watu wengi namna hii ingepaswa kubadilisha karibu nusu. Nusu ya nyumba kila saa."

"Yaani hewa ya asubuhi," Mjomba akasema kutoka sakafuni, "ndiyo tunayoivuta mpaka usiku?"

"Ndiyo."

"Basi poleni sana. Asubuhi nilikula maharage."

Maata akamrushia taulo la jikoni. Watoto walicheka mpaka wakakohoa, na kukohoa kwao ndiko kulikonishtua, kwa sababu nilianza kuhesabu. Mkubwa wao alikohoa asubuhi wakati wa chai. Kikohozi kile bado kimo humu. Kimo kwenye masanduku. Akumalik anakivuta.

"Na baada ya saa kumi inakuwa mpya yote?" nikauliza polepole.

Tumasi alikitazama kikombe chake. "Hapana. Mimina maji kwenye kikombe hiki cha chai mpaka yafurike, uendelee kumimina kikombe kizima kingine. Kitakuwa maji matupu?"

"Rangi itabaki."

"Itabaki. Theluthi nzima ya ile ya zamani bado itakuwemo."

Akaichukua kadibodi, akaandika namba chini na kuizungushia duara. Nililitazama duara lile. Hiyo ndiyo namba ambayo nesi alikuwa anaingoja.

"Nadhani theluji imeziba mdomo wa nje," akasema. "Dhoruba ikitulia ningetoka na koleo nipime tena. Shida ni kwamba ikitulia tu ndege inakuja, na natakiwa niwe ndani yake niende mji mwingine. Nitampa nesi namba niliyonayo."

Ndani ya ndege hiyo hiyo angekuwemo Akumalik.

Ningeweza kusema hapo hapo. Sentensi moja ilitosha, kuna glavu ndani ya bomba. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na nyingine nyuma yake, kwamba Bibi ndiye aliyemfanya mume wake augue. Kwetu mtu mdogo hamwambii mzee kwamba amekosea, na mbele ya mgeni ndiyo kabisa. Na huyu si mzee tu. Alipokuwa msichana, meli ya wagonjwa wa kifua ilikuja ikamchukua mdogo wake, ikaenda naye kusini. Walimtazama akipanda. Hakurudi, wala hawakuambiwa amezikwa wapi. Bibi akisikia mlio wa ndege, mpaka leo, anavuta pazia.

Nilitazama mlango. Ulikuwa umezibwa na theluji hadi kwenye kitasa. Nilitazama madirisha, nikaona barafu. Hapakuwa na mahali pa kwenda ili nipate kufikiri, hata chooni watoto walikuwa wanagonga. Nikameza sentensi ile, ikakaa kifuani.

Bibi akamgeukia Tumasi. "Kijana, jina lako ni la nani?"

"La kaka yake nyanya yangu, Bibi. Alikuwa mwindaji."

"Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Bila kile kidude cheupe?"

Mjomba akapiga sakafu kwa kicheko. "Mwache, Mama! Watu wa kwao wanaongea kama wana nyama mdomoni, usimpe maswali magumu."

"Niliposikia mnavyoongea nyie, nilidhani mnaumwa meno," Tumasi akajibu, na Mjomba akafurahi zaidi.

Bibi hakucheka. Alimfungua Akumalik, akanipa, akaenda chumbani. Alirudi na taa yake ya jiwe, ile iliyochongwa kama nusu mwezi. Akaiweka mezani, akamimina mafuta ya sili, akapanga utambi wa nyasi kwenye ukingo wake kwa kidole, akauwasha. Mwali mdogo ukatembea ukingoni, ukasimama. Akausawazisha kwa kijiti mpaka ukawa mstari mmoja mweupe, umenyooka.

"Tazama," akasema. "Nimezaliwa kwenye nyumba ya theluji. Kila nyumba ina pua yake juu. Baridi ikizidi, unaziba pua. Halafu unatazama taa. Mwali ukiwa mfupi, ukianza kutoa moshi, hewa imechoka. Unachukua kisu, unatoboa pua. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotulea, na hakuna aliyekosa hewa. Sasa niambie, mwali huu mfupi?"

Tumasi aliinama, akautazama kwa heshima. "Si mfupi, Bibi."

"Unatoa moshi?"

"Hapana."

"Basi hewa ipo."

Watoto wakapiga makofi. Mjomba akasema fundi amepigwa na mwanamke mzee asiye na hata cheti. Nilikitazama kipimo juu ya televisheni. Kilikuwa kinapanda, kwa sababu sasa na taa nayo ilikuwa inapumua.

Tumasi alisema kwa sauti ya chini, karibu kama anaomba radhi, "Bibi, kwenye nyumba ya theluji taa ilisema kweli. Lakini taa inangoja mpaka hewa iwe mbaya sana ndipo inaonyesha. Kifua cha mtoto hakiwezi kungoja kiasi hicho. Na humu, hewa yenyewe inaweza kutosha taa, ila imebeba kikohozi cha kila mtu."

"Maneno mengi," Bibi akasema, akageuka.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na mtoto mikononi, na ndipo nilipoelewa kilichotokea. Bibi hakuiziba pua ili ibaki imezibwa. Aliiziba kama mama yake alivyoiziba, kwa muda, mpaka taa imwambie afungue. Lakini nyumba yetu inawaka taa za umeme, na taa ya umeme haifupiki. Tangu vuli alikuwa anangoja alama. Hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho kingempa.

Baadaye mchana Akumalik alianza kubanwa. Kwanza alikataa kunyonya. Halafu pua zikawa zinapanuka kila akivuta pumzi, na ngozi katikati ya mbavu ikawa inaingia ndani, inatoka, inaingia. Maata alimpigia nesi simu. Nesi akasema hata yeye hawezi kutoka, gari lake halionekani. Akasema nimshike wima, nimtoe mahali penye watu wengi, nimpe hewa safi.

"Chumba gani hakina watu?" Maata akauliza.

Mjomba akaenda mlangoni, akausukuma kwa bega mpaka ukaachia. Theluji ikaingia ndani kama mtu amemwaga ndoo ya unga. Akumalik akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Taa ya Bibi ikazimika.

"Funga!" Bibi akapiga kelele. "Mnamuua! Funga mlango!"

Mjomba akaufunga, akabaki ameuegemea, anahema, theluji kichwani. Hakuwa anatania tena. Tumasi alisimama katikati ya sebule, mikono imemlegea. "Kama ningeweza kufika nje kwenye ule mdomo," akasema. "Koleo moja tu."

Hakukuwa na haja ya koleo. Mimi tu na Bibi tulijua hivyo. Nilimtazama. Alikuwa anaipangusa taa yake kwa kitambaa, anaipangusa pale pale, hainui macho.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Sijawahi kuongea mbele ya watu wengi. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nalia. Nilimweka Akumalik magotini kwake, uso wake kuelekea wake, nikasema, "Bibi, mume wako anaomba pua ifunguliwe."

Ulisikika upepo, na kifua cha mtoto kikipiga mluzi.

Bibi alimtazama Akumalik. Mtoto alikuwa amemkodolea macho, kama anavyomkodolea kila siku, macho ambayo watu wote wanasema ni ya babu.

"Amesema hivyo?" Bibi akauliza.

"Anasema tangu vuli. Mimi ndiye niliyekuwa simsikii."

Akaweka kitambaa chini. Akamshika mtoto shavu kwa nyuma ya kidole. "Ungeniambia mapema, mzee," akamwambia. "Wewe siku zote huniambii kitu mpaka umeshakasirika."

Kisha akanyanyuka, akachukua kisu chake cha duara mezani, akaenda kwenye kichumba cha mitambo. Tumasi alifungua mdomo, mimi nikamtikisia kichwa, akaufunga. Tulimfuata mpaka mlangoni. Bibi alipapasa bomba mara moja tu, akapata mwanzo wa mshono. Akaukata uzi mmoja mmoja, hakuchana. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akavuta.

Glavu ya kwanza ilitoka imelowa, imeota ukungu wa kijani, na barafu kwenye vidole. Ya pili ilikuwa imeganda, akaivunja ndipo ikatoka. Pale pale bomba likapiga mluzi mkubwa, na baridi safi ikatupiga usoni, yenye harufu ya theluji.

Mjomba alizitazama glavu zile mikononi mwa mama yake. Nilimwona akielewa.

"Basi," akasema, "nitarudi redioni kuwaomba watu radhi."

Bibi akampiga nazo begani. Halafu akakaa chini juu ya ndoo, akazikumbatia, zikamlowesha gauni.

Nilikaa chini ya tundu la hewa chumbani, nimemshika Akumalik wima, tumefunikwa koti langu, uso wake tu uko nje. Tumasi alileta kipimo akakiweka kwenye mto ili nikione, akaondoka. Elfu tatu na zaidi. Kilikaa hapo muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimemdhalilisha Bibi bure. Nikakumbuka kikombe cha chai, kwamba rangi haiondoki mara moja. Nikangoja. Namba ikaanza kushuka, kidogokidogo. Elfu mbili na kitu. Mbavu za Akumalik ziliendelea kuingia na kutoka, ila si kwa kina kile. Kabla namba haijafika elfu moja na nusu, alinyonya.

Nyumba ikawa baridi kweli. Watoto walivaa makoti na kofia ndani. Hita ilinguruma bila kupumzika, na Mjomba alisema mafuta yakiisha tutamchoma Tumasi. Tumasi alizunguka tena na kofia yake ya kitambaa, tundu kwa tundu, mimi nikiandika upande wa pili wa kadibodi. Masanduku sabini na sita kwa saa.

"Piga hesabu," akaniambia.

Nikajumlisha. Sabini na sita mara mbili ni mia moja hamsini na mbili, na bado kidogo. "Saa mbili na zaidi kidogo. Karibu nusu nyumba kwa saa."

"Karibu nusu," akakubali.

"Utampa nesi ipi? Ya upande huu, au ya upande ule?"

Alifikiri. "Nitampa zote mbili, kwa sababu nimepima zote. Sitaandika kilichokuwa ndani ya bomba. Nitaandika kizuizi kimeondolewa. Lakini atataka kujua kama kitarudi, Aluki. Hilo siwezi kumjibia."

Bibi alikuwa kwenye kochi, ametugeuzia mgongo. Alisikia.

Dhoruba ilipotulia, mji ulikuwa mweupe na kimya, na jua likachungulia juu ya barafu ya ghuba. Mjomba alichimba njia mlangoni. Nesi alikuja kwa pikipiki ya theluji, amefunika uso. Tulisikia ndege ikizunguka juu, inatafuta kutua. Bibi akavuta pazia.

Nesi alimsikiliza Akumalik mbele na nyuma, akamsikiliza tena. Alisoma kadibodi upande mmoja, akaigeuza, akasoma upande wa pili. Akamwuliza Tumasi maswali kwa Kiingereza, Tumasi akajibu.

"Kifua bado si kizuri," nesi akaniambia. "Ila ni bora kuliko wiki iliyopita. Nikimpigia daktari naweza kumwombea mpaka ndege nyingine. Mpaka hiyo tu. Nitakuja kila siku kumsikiliza, na kuisoma hiyo." Akaonyesha kipimo juu ya televisheni. "Tumasi anasema anakiacha kwenu. Lakini nataka kujua, nikiondoka, watu wakianza kusikia baridi, itakuwaje?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Nikamtazama Bibi. Sauti yangu nilikuwa nimeshaitumia yote.

Bibi akanyanyuka kwenye kochi. Alichukua sindano na uzi wake wa mshipa wa mnyama, akapita katikati yetu, akaingia kwenye kichumba cha mitambo. Tumasi alikuwa ameliziba lile pasuo kwa utepe wa plastiki. Bibi akaubandua, akautupa, akaanza kushona bomba likiwa tupu. Alishona mshono ule ule wa viatu vya maji, polepole, macho karibu na kazi, huku baridi ikimpuliza usoni kupitia mahali ambapo bado hajafunga, machozi ya baridi yakimtiririka, naye hayafuti. Ndege ilinguruma chini kabisa, ikatua. Hakuacha kushona.

Alipofunga fundo la mwisho aliniita.

"Njoo upapase," akasema. "Hakikisha hakuna kitu ndani."

Nikampa Akumalik. Nikaliminya bomba kwa mikono miwili, kutoka ukutani hadi kwenye mashine. Lilikuwa laini na tupu, na hewa ilikuwa inapita ndani yake, niliisikia viganjani.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Mwambie yule," akasema, akielekeza kidevu kwa nesi. Kisha akamwinua Akumalik usawa wa uso wake. "Na wewe, ukisikia baridi, vumilia. Ulikuwa unavumilia zamani."